Kwa nini hospitali hukubali utaratibu mpya wa kuhudumia wagonjwa? Dai langu: ni anayelipa, si ushahidi

#1 Mizani (mtoa mada)

Habari zenu, wakuu.

Nimekaa katika utawala wa hospitali muda wa kutosha kuona taratibu nyingi za huduma zikiingia kwa shangwe na kutoka kimyakimya: orodha za uhakiki kabla ya upasuaji, waratibu wa kuwafuatilia wenye kisukari na shinikizo la damu, miongozo ya kumruhusu mgonjwa mapema, vikao vya asubuhi vya kupitia wagonjwa kitanda kwa kitanda. Dai langu ni kwamba hospitali haibadili namna yake ya kuhudumia kwa sababu imesoma ushahidi. Hubadili pale anayelipa anapobadili namna ya kulipa.

Mwaka 1983 Marekani iliacha kuzirudishia hospitali gharama walizotumia kwa wazee walio katika bima ya Medicare, ikaanza kulipa kiasi kilichopangwa mapema kulingana na kundi la ugonjwa. Siku za kulazwa zikapungua upesi, ingawa mwaka ule haukuwa na dawa mpya ya kueleza kwa nini mgonjwa wa aina ile ile sasa aweze kwenda nyumbani mapema. Kuanzia Oktoba 2012, hospitali za huko ambazo wagonjwa wake wa mshtuko wa moyo, moyo kushindwa kufanya kazi na nimonia walirudi kulazwa ndani ya siku 30 kupita kiwango kilichotarajiwa zilianza kukatwa malipo, na hospitali nyingi zikaona ghafla umuhimu wa kumpigia simu mgonjwa aliyeruhusiwa. Simu zilikuwepo miaka yote.

Tazameni sasa upande wa pili. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari na wanafunzi wa wodi yake ya wazazi, Vienna, wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi vikashuka, na bado hospitali nyingine zilimpuuza. Hapakuwa na aliyelipwa kwa kunawa. Anayeona vinginevyo anipinge, ila kwa mifano.

#2 Zamu ya Usiku

Asante kwa mada, mkuu. Mimi ni muuguzi, na sijapata kuona mkataba wa bima ukimfanya muuguzi anawe mikono.

Kwa kuwa umeleta habari ya mikono, nami nibaki hapo hapo. Hospitali za chuo kikuu cha Geneva, chini ya Didier Pittet, zilipima ni mara ngapi watumishi husafisha mikono pale inapopasa. Kiwango kilipanda kutoka 48% mwaka 1994 hadi 66% mwaka 1997. Kilichofanyika ni kuweka dawa ya kusugua mikono yenye alkoholi kando ya kitanda. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa akitakiwa kutembea hadi kwenye sinki, anawe, akaushe na kurudi kabla ya kumgusa kila mgonjwa, atakuwa anaishi sinkini. Mpe chupa hapo alipo, atasafisha mikono huku anatembea.

Kwa hiyo ninachoamini ni kwamba utaratibu unaompunguzia kazi anayeutekeleza huingia wenyewe, na ule unaomwongezea fomu huingia siku ya ukaguzi tu. Ninyi wa utawala huona waraka ukisainiwa mkadhani jambo limeanza.

#3 Bwana Hesabu

Salaam. Masahihisho machache kabla mjadala haujakimbia mbali.

Kwa Mizani: Semmelweis hakupuuzwa kila mahali. Katika wodi yake mwenyewe utaratibu ulifuatwa, ndiyo maana tuna takwimu: Aprili 1847 vifo vilizidi 18% ya waliojifungua, Juni vikawa karibu 2%. Kilichokwama ni kuenea. Naye alichangia kukwama huko, kwa kuwa hakuchapisha kitabu chake hadi 1861, na maelezo yake yalikuwa na maana kwamba madaktari ndio waliokuwa wakibeba kifo mikononi kutoka chumba cha kupasulia maiti. Fedha ingesaidia nini mbele ya shutuma ya namna hiyo?

Kwa Zamu ya Usiku: Geneva hawakuweka chupa peke yake. Walibandika mabango, walipima na kurudisha matokeo kwa watumishi, na uongozi wa juu ulisimama nyuma ya kampeni. Ukichomoa chupa na kuipa sifa zote, umefanya uchaguzi ambao takwimu hazikukufanyia.

#4 Kisu na Uzi

Mimi ni daktari wa upasuaji na nitasimama upande wa ushahidi, kwa kuwa naona umeachwa yatima.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya uhakiki wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji tofauti sana kwa utajiri, kuanzia Toronto, London na Seattle hadi Manila, Amman na Ifakara. Matokeo yaliyotoka Januari 2009 yalionesha vifo vikishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka 11% hadi 7%. Kwa muda mfupi nchi nyingi zikaipokea. Hapakuwa na bima iliyolipia kusoma orodha. Tulisoma matokeo, tukashtuka, tukaanza.

#5 Kijiweni

Daktari, umeandika kana kwamba madaktari wa upasuaji hushtuka. Hilo pekee ni ugunduzi unaostahili kuchapishwa.

#6 Msomi wa Taasisi

Ndugu Kisu na Uzi, mfano wako ni mzuri, ila soma ukurasa unaofuata. Ontario nchini Kanada iliifanya orodha hiyo hiyo kuwa jambo la kutolewa taarifa hadharani kuanzia 2010, na hospitali zikaripoti kuitumia karibu kila upasuaji. Utafiti uliotoka 2014 ukalinganisha kabla na baada katika hospitali 101: vifo vilikuwa 0.71%, vikawa 0.65%, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati. Kama hospitali zilipokea orodha kwa sababu inaokoa, mbona pale ilipopokelewa na wote haikuokoa kwa kiasi kile?

Maelezo ninayoyapendelea ni ya zamani kidogo. Mwaka 1983 Paul DiMaggio na Walter Powell walieleza kwamba taasisi za aina moja huishia kufanana kwa njia tatu: kulazimishwa na sheria au na mwenye fungu, kuigana pale hali isipoeleweka, na kufundishwa na walimu wale wale wa taaluma. Hospitali ni mfano ulio wazi mno. Hakuna mkurugenzi anayejua kwa hakika ni kipi kitapunguza vifo kwake, hivyo hutazama hospitali yenye jina kubwa inafanya nini, akafanya hivyo hivyo, ili mambo yakiharibika asiulizwe kwa nini alikuwa peke yake.

Mwaka 1997 Westphal, Gulati na Shortell walichunguza zaidi ya hospitali 2,700 za Marekani zilizoingia katika usimamizi wa ubora unaoihusisha hospitali nzima. Zilizotangulia ziliurekebisha utaratibu ule ufae matatizo yao, zikapata tija. Zilizochelewa ziliuchukua kama ulivyo, zikapata heshima ya kuonekana za kisasa. Jina la utaratibu lilibaki moja, sababu zikageuka njiani.

#7 Mkunga Mkongwe

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mmezungumza kuhusu fedha, ushahidi na kuigana. Hamjazungumza kuhusu uhaba, nao ndio mwalimu niliyemwona akibadilisha wodi nyingi kuliko semina.

Mwaka 1978 kule Bogotá, katika hospitali ya wazazi iliyokuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto, Daktari Edgar Rey aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Walikuwa wakilazimika kuchanganya watoto katika mashine moja na maambukizi yakiwamaliza. Huo ndio mwanzo wa huduma ya kangaruu. Haikutoka katika utafiti wala hakuna aliyewaahidi malipo. Vifaa havikutosha basi.

Sasa tazameni ilivyosafiri. Kwa miongo mingi tuliambiwa ni njia ya maskini, itumike pale tu mtoto alipokwisha kutulia. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa bila kusubiri watulie. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa 12.0%, na kwa waliosubirishwa 15.7%. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Na hata baada ya hapo bado kuna wodi ambazo mama analala jengo jingine na mtoto jengo jingine, kwa sababu aliyechora ramani ya jengo hakumwazia mama kuwa ni sehemu ya matibabu. Ukuta hauondolewi na makala wala hauondolewi na bima.

Kuhusu fomu, Zamu ya Usiku amesema kweli. Nimeona nyingi nzuri za patografu, ile chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, zilizochorwa baada ya mtoto kuzaliwa. Utazitambua: mistari yake imenyooka kuliko uchungu wowote niliowahi kuusimamia.

#8 Mizani

Marahaba, Mama Mkunga. Uhaba unaousema ni sura nyingine ya fedha, hivyo nakuhesabu upande wangu.

Kuhusu Ontario, Msomi amenisaidia bila kukusudia. Orodha ilipokelewa kwa amri ya kutoa taarifa, na hospitali zikatoa kile kilichotakiwa, yaani taarifa. Ukilipia tiki utapata tiki.

#9 Bwana Hesabu

Mizani, dai linalomeza kila mfano unaopinzana nalo halipimiki. Kama uhaba ni fedha, na amri ni fedha, na aibu ya kutangazwa hadharani ni fedha, basi umeita kila kitu fedha na hujaeleza chochote.

Na faini ya wagonjwa kurudi kulazwa uliyoitaja haikuenda kwa unyoofu kama ulivyoisimulia. Waliorudi kulazwa walipungua kwenye takwimu, lakini wagonjwa waliowekwa chini ya uangalizi bila kuandikwa kuwa wamelazwa waliongezeka, na watafiti wamebishana vikali kama vifo vya wagonjwa wa moyo viliongezeka katika kipindi hicho au la. Malipo yanabadili tabia, nakubali. Yanabadili pia namna ya kuandika tabia, na ukikaa ofisini huwezi kutofautisha.

#10 Kisu na Uzi

Narudi kwa Msomi. Ontario ni nusu ya habari. South Carolina, Marekani, hospitali zilialikwa kwa hiari katika mpango wa kufundisha orodha hiyo: timu nzima ikae pamoja, irekebishe maneno yafae chumba chao, ifanye mazoezi. Hospitali 14 zilikamilisha mpango, na vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji vikashuka kwake kutoka 3.38% mwaka 2010 hadi 2.84% mwaka 2013, huku kwa zile ambazo hazikukamilisha hali ikibaki karibu pale pale. Kipande cha karatasi ni kile kile. Tofauti ni kwamba huku waliitaka.

Na niseme jambo kuhusu kushtuka, kwa heshima ya Kijiweni. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, orodha ilikuwa ikijazwa na mtu mmoja kabla mgonjwa hajafika chumbani, na sote tulijua. Kilichobadilisha hali hakikuwa waraka wala mkufunzi. Mgonjwa aliandaliwa kwa upasuaji wa upande usio wake, na muuguzi wa dawa ya usingizi akagundua dakika ya mwisho. Mgonjwa hakudhurika. Kuanzia wiki ile orodha ilisomwa kwa sauti, na daktari bingwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akidai isomwe. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua sababu moja, nitachagua tukio la kutisha lililotokea kwako wewe, si kwa jirani.

#11 Msomi wa Taasisi

Hilo la tukio lina uzito hata kwa ngazi ya nchi. Uchunguzi wa vifo vya watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo Bristol, uliotoa ripoti 2001, uliisukuma Uingereza katika kuchapisha matokeo ya upasuaji wa moyo hadharani. Takwimu za kutia shaka zilikuwepo miaka kadhaa kabla, na daktari wa dawa ya usingizi wa pale pale alikuwa amekwisha kuonya. Ushahidi ulikuwepo, ila haukuwa na nguvu hadi wazazi walipokuwa mbele ya kamera.

Ila South Carolina ina shimo lake. Hospitali zilizokamilisha mpango wa hiari huenda ndizo zilizokuwa na uongozi tulivu na watu wa kutosha tangu mwanzo. Huenda hiari ni dalili ya hospitali nzuri, si dawa ya hospitali mbaya.

#12 Mgonjwa wa Kudumu

Naomba nafasi kwa upande wa kitandani.

Nina kisukari na moyo usiotulia. Kliniki ninayohudhuria iliwahi kuleta mratibu wa huduma, dada mmoja makini sana, aliyekuwa na daftari lenye dawa zetu zote, akipiga simu tukikosa miadi, na kumwambia daktari wa moyo kile ambacho daktari wa sukari ameandika. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kuona madaktari wangu wawili wakijua kwamba wananitibu mtu mmoja. Mradi ulipoisha, simu zikaisha. Daftari nadhani lipo kabatini.

Wote humu mnauliza kwa nini hospitali hukubali utaratibu mpya. Sijaona anayeuliza kwa nini inauacha ule ambao wagonjwa tumekwisha kuuzoea. Nikiwauliza pale kliniki, najibiwa kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuuendeleza. Je, hospitali hudai ushahidi wakati wa kufuta tu?

#13 Bwana Hesabu

Pole kwa hilo, ndugu. Swali lako linanichoma kwa sababu jibu la kitakwimu halikupendezi.

Katika mji wa Camden, New Jersey, ulianzishwa mpango uliosifiwa mno: kuwatafuta wagonjwa wachache wanaolazwa mara nyingi kupita wote, kuwapa timu ya muuguzi, mfanyakazi wa jamii na mratibu, na kuwafuata hadi nyumbani. Hesabu za mwanzo zilionesha kulazwa kukishuka sana, na hospitali nyingine nyingi zikaiga. Kisha likafanyika jaribio la kura, wagonjwa 800, nusu wakipata timu na nusu huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka Januari 2020: waliorudi kulazwa ndani ya siku 180 walikuwa 62.3% kwa wenye timu na 61.7% kwa wasio nayo. Ukimchagua mtu akiwa katika kipindi chake kibaya zaidi, mwaka unaofuata atakuwa na nafuu hata usipomgusa.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mfano ambao bado haujatajwa hapa, wa vyumba vya wagonjwa mahututi vya Michigan. Vyumba 103, hatua tano za kuweka mrija katika mshipa mkubwa, muuguzi mwenye ruhusa ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua, na maambukizi yakashuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri kwa chumba cha katikati, yaani kile kinachoangukia katikati ukivipanga vyote kwa kiwango cha maambukizi. Uingereza ilipojaribu kuufuata mfano huo, maambukizi yalishuka pia, lakini yalikuwa yakishuka hata katika vyumba ambavyo zamu yake ya kujiunga haijafika.

#14 Zamu ya Usiku

Bwana Hesabu, jaribio la Camden lilihesabu kurudi kulazwa. Halikuhesabu kama daktari wa moyo alijua dawa za sukari. Mgonjwa wa Kudumu hakudai kwamba hakulazwa tena. Alidai kwamba alihudumiwa kama mtu mmoja. Hospitali inapochagua kipimo, imekwisha kuchagua utaratibu upi utaonekana umeshindwa.

Na kuhusu Michigan, nguvu ya pale haikuwa hatua tano, kwa kuwa zote zilikuwa zikijulikana. Nguvu ilikuwa ni hiyo ruhusa ya muuguzi. Pamoja nayo kulikuwa na toroli moja lenye kila kinachohitajika, ili mtu asiende kabati hili na lile akitafuta shuka tasa. Narudi palepale: kazi ikiwa nyepesi na mdogo akilindwa, utaratibu hubaki.

#15 Fundi Mitambo

Mkuu Mizani, nakuletea mfano wako bora kuliko yote, kisha nitauharibu.

Mwaka 2008 hospitali za Marekani zenye hata mfumo wa msingi wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta hazikufika 10%. Mwaka 2009 ikapitishwa sheria ya kuwalipa watakaotumia mifumo hiyo, na baadaye kuwakata wasioitumia. Mwaka 2015 zilikuwa zimezidi 80%. Hakuna ushahidi wala kuigana kunakopandisha mstari kwa kasi hiyo bila fungu la fedha.

Sasa uharibifu. Mimi ndiye ninayeitwa mfumo ukigoma, na ninachokiona ni maelezo ya jana yaliyonakiliwa leo, na leo yatanakiliwa kesho, hadi mgonjwa aliyekatwa mguu anaandikwa kuwa miguu yote iko sawa. Kompyuta ilinunuliwa. Namna ya kuhudumia ilibaki ya faili la karatasi, ila sasa faili lina nywila.

#16 Kijiweni

Na nywila imebandikwa kwenye skrini kwa plasta ya wodini, tusisahau.

#17 Tafakuri

Nimesoma mahali kwamba hospitali huchukua miaka 17 kukubali jambo jipya. Kama ni hivyo, mjadala wa sababu hauna haja, tusubiri tu.

#18 Bwana Hesabu

Tafakuri, namba hiyo ilitokana na makadirio ya mwaka 2000 ya Balas na Boren, waliojumlisha muda wa hatua mbalimbali, kuanzia utafiti kuwasilishwa na kuchapishwa hadi kuingia katika vitabu na kutumika. Ni wastani wa safari ya karatasi. Haisemi lolote kuhusu hospitali yako, ambayo inaweza kubadilika wiki moja kama ya Daktari, au isibadilike kabisa.

#19 Zamu ya Usiku

Kuna sababu mnayoikwepa kwa sababu haina jarida: mtu. Wodi niliyokuwa nayo ilipata muuguzi mfawidhi ambaye kila asubuhi alipita kitanda hadi kitanda na kuuliza swali moja, kwamba mgonjwa huyu anasubiri nini ili aende nyumbani. Kipimo? Ruhusa ya daktari? Ndugu wa kumchukua? Hakuna aliyemtuma. Vitanda vikafunguka, nasi tukapumua. Alipohamishwa tulibaki na rejesta aliyoianzisha, tukaijaza kwa uaminifu mkubwa bila kuuliza tena lile swali. Walipokuja wageni kukagua, rejesta ilisifiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

#20 Msomi wa Taasisi

Dada Zamu, mtu ana jarida pia. Nicholas Bloom na John Van Reenen, pamoja na wenzao, wamepima ubora wa usimamizi katika hospitali za nchi mbalimbali, na mojawapo ya matokeo yao ni kwamba hospitali zenye mameneja wengi waliosomea tiba hupata alama za juu zaidi. Mfawidhi wako anaingia humo.

Walipata pia jambo litakalomfurahisha mtoa mada kwa kiasi. Katika Uingereza waliangalia kama hospitali yenye washindani wengi karibu nayo inasimamiwa vizuri zaidi. Ili wasidanganywe na sababu za pembeni walitumia hila nzuri: hospitali zilizo katika majimbo ya uchaguzi yenye ushindani mkali huwa hazifungwi kirahisi, kwa kuwa serikali inaogopa kura, hivyo siasa imeacha hospitali nyingi mahali fulani kuliko pengine. Penye hospitali nyingi, usimamizi ulikuwa bora na vifo vya mshtuko wa moyo vichache zaidi.

#21 Mizani

Ushindani wa kuwania wagonjwa, na pale fedha humfuata mgonjwa. Sina la kuongeza.

#22 Kisu na Uzi

Una la kuongeza, mkuu. Mkurugenzi anaogopa kufungiwa hospitali, daktari bingwa anaogopa kuitwa wa pili, na muuguzi hana habari na yote mawili. Ushindani huo ni wa nani na nani? Pale kwetu ulikuwa kati ya chumba cha upasuaji namba moja na namba mbili, wala hapakuwa na senti iliyotembea.

#23 Mkunga Mkongwe

Nawaleteeni kesi mbichi mgombanie.

Wodi yetu inaingia katika mwongozo mpya wa huduma ya uchungu ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa 2020 kuchukua nafasi ya patografu. Uchungu kamili unahesabiwa kuanzia sentimita 5 badala ya 4, ule mstari wa tahadhari uliotaka kila mama afunguke sentimita moja kwa saa umeondolewa, na sasa tunaandika pia kama mama ana mtu wa kumsindikiza na kama amepewa cha kunywa.

Nani kauleta? Waraka umetoka juu. Mafunzo yamelipiwa na mfadhili. Hospitali ya rufaa tunayoitazama ilianza kabla yetu. Daktari wetu amesoma tafiti zake na anazinukuu hata asipoulizwa. Mwaka jana tulikuwa na mama aliyekimbizwa kwa upasuaji kwa sababu tu mstari ulivukwa, na ilituuma. Wakunga vijana wanaupenda kwa kuwa hauwalazimishi kuchora mlima. Na mimi mwenyewe nimeukubali kwa sababu ya kile kisanduku cha msindikizaji, kwa kuwa nimebishana na walinzi wa mlangoni ujana wangu wote ili mama aingie na dada yake.

Msomi, Mizani, Daktari, gawaneni.

#24 Msomi wa Taasisi

Mama Mkunga, ningeomba kujua kitu kimoja tu: wadogo zako wanaujaza wakati gani, uchungu ukiendelea au baada?

#25 Mkunga Mkongwe

Zamu ya mchana, ukiendelea. Zamu ya usiku wako wawili kwa wodi nzima, usiniulize.

#26 Bwana Hesabu

Basi, kabla hamjaenda mbali, toeni kutoka rejesta ya wazazi idadi ya waliopelekwa kwa upasuaji mwezi kwa mwezi kwa miaka miwili iliyopita, na muitenganishe mchana na usiku. Kama usiku hakuna mabadiliko na mchana yapo, tutakuwa na la kumwambia Mizani. Kama yapo kote kote hata kabla ya mafunzo, nitakuwa na la kuwaambia ninyi nyote.